Kimya cha Viti Vitupu

Tarehe 12 Machi 2020 wapigaji wa okestra ya Berlin Philharmonic walipanda jukwaani katika ukumbi wao wenyewe, wakaketi, wakalinganisha ala, kisha wakapiga mbele ya viti ambavyo havikuwa na mtu hata mmoja. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya virusi vya korona, na kazi mbili zilizopangwa, moja ya mtunzi Luciano Berio na nyingine ya mtunzi Béla Bartók, zilirushwa bila malipo kwa njia ya intaneti, Simon Rattle akiongoza. Siku iliyofuata Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Mimi nililitazama tamasha hilo mwishoni mwa mwezi, baada ya kafyu ya saa moja jioni kuanza tarehe 27, nikiwa peke yangu katika chumba cha juu cha nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, simu nimeiegemeza kwenye dele la kahawa iliyokwisha kupoa. Kazi ya Bartók humalizika kwa kishindo, tarumbeta na ala nyingine za shaba zikipanda pamoja, na kwa mazoea ya miaka mingi nilikuwa nimekwisha kunyoosha kidole nipunguze sauti, kwa kuwa makofi ya rekodi za matamasha hunikera masikio. Kidole kilibaki hewani. Hapakuwa na kitu cha kupunguza.

Jambo dogo hilo ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu lilivunja hoja niliyokuwa nikiitetea barazani kwa muda mrefu. Nilikuwa nikishikilia kwamba hadhira ya muziki wa klasiki wa Ulaya ni hadhira mfu: watu elfu mbili waliobanwa na nguo rasmi, hawathubutu kukohoa, wanangoja ruhusa ndipo wapige makofi, ilhali hadhira ya taarabu ni hai, inajibu, inainuka, inatoa fedha mkobani, inamlazimisha mwimbaji aurudie ubeti. Ilikuwa hoja tamu, na iliwapendeza watu wa kwetu. Mwaka wa korona ulinionyesha kwamba nusu yake ya kwanza haikuwa kweli, na kwamba nusu ya pili, ingawa ni kweli, ina gharama ambayo sikuwa nimeihesabu.

Ni vyema niseme nilikotoka na muziki huu, maana wapo watakaouliza mwanamke wa Mji wa Kale anatafuta nini kwa Bartók. Marehemu baba alikuwa karani bandarini Kilindini, na familia moja ya Kizungu iliyokuwa ikifunga mizigo kurejea kwao ilimwachia sanduku la santuri. Zilikuwa saba. Moja, simfonia ya saba ya Beethoven, ilikuwa na ufa, na sindano ilipopita juu ya ufa huo ilitoa mlio mdogo kama wa mtu anayefyonza ulimi kwenye kaakaa. Hata leo nikiisikia sehemu ya pili ya simfonia hiyo mahali popote, mwili wangu huungoja mlio ule na kuukosa. Baba alizipiga santuri hizo kwa zamu na kanda za waimbaji wa taarabu Zein l'Abdin na Juma Bhalo, wala hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tukivuka mpaka. Kwake yeye wote hao walikuwa watu waliokaa chini wakajifunza. Kwa hiyo ninaposema muziki wa klasiki ninakusudia okestra za Ulaya, lakini ninaiweka ubavuni mwake taarabu asilia ya pwani, yenye vyama vikongwe kama Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoundwa mwaka 1905, na yenye mabingwa wake wa udi, ile ala ya nyuzi, hapa hapa Mombasa, na sioni haya kuzipima kwa mizani moja.

Kabla ya kulaumu, haki itendeke. Kwa msikilizaji wa Mombasa, kumbi za Berlin, London na New York zilikuwa zimefungwa tangu zamani. Nauli, viza na bei ya tikiti vilitufungia milango kabla virusi havijazaliwa. Metropolitan Opera ya New York ilipofunga ukumbi wake na kuanza, tarehe 16 Machi, kurusha opera moja kila usiku bila malipo, mtu wa Manhattan na mimi tuliketi safu moja kwa mara ya kwanza, tofauti yetu ikiwa bando tu. Mpiga piano Igor Levit alikuwa akipiga nyumbani kwake Berlin jioni baada ya jioni mbele ya simu, akiwa na sura ya mtu ambaye naye hajui afanye nini na siku zake. Mwezi Juni, Wigmore Hall ya London ikaanza kurusha matamasha ya mchana kutoka ukumbi mtupu, na nikayasikiliza huku nikichambua mchele. Katika miezi mitatu nilisikia muziki mwingi kuliko nilioupata katika miaka kumi iliyotangulia. Anayesema kwamba mitambo haikutufaa kitu hasemi kweli, au ni mtu ambaye siku zote alikuwa na uwezo wa kununua tikiti.

Lakini wingi huo ndio ulionifundisha kusikia kilichopungua. Kila tarehe 1 Mei okestra ya Berlin hufanya tamasha la kuadhimisha kuundwa kwake mwaka 1882, na kwa desturi husafiri hadi mji mwingine kulifanya. Mwaka 2020 ilibidi ibaki kwake, na katika ukumbi mtupu Kirill Petrenko akaongoza kundi dogo la wapigaji walioketi mbali mbali kama watahiniwa katika chumba cha mtihani. Miongoni mwa walivyovipiga ilikuwamo simfonia ya nne ya Mahler, tena si kwa okestra yake kubwa, bali kwa mpangilio mdogo aliouandika Erwin Stein mwaka 1921. Simfonia hiyo haina kishindo cha mwisho. Mwimbaji wa kike anaeleza raha za peponi kwa macho ya mtoto, kisha ananyamaza, na ala zinapungua hadi unabaki mlio mmoja wa chini ambao hujui umekoma lini. Nilikuwa nayo rekodi ya zamani ya kazi hiyo hiyo, iliyopigwa mbele ya watu. Usiku ule nilizisikiliza mara kadhaa, mwisho wa hii na mwisho wa ile, spika za masikioni zikiniuma. Katika rekodi yenye watu, baada ya mlio ule kukoma, kuna sekunde nyingi ambazo hakuna anayepiga kofi wala kusogeza mguu, na hata hivyo unasikia kwamba wapo: hewa ina uzito, kama chumba ambacho mtu amelala na wengine wanapita kwa ncha za vidole. Katika rekodi ya Mei 2020 muziki uliisha, ukaisha.

Watu elfu mbili wanaozuia pumzi kwa wakati mmoja wanafanya kazi, na kazi hiyo inasikika. Niliowaita wafu walikuwa muda wote wanaishika sauti ile ya mwisho pamoja na mpiga kinubi na mpiga besi, na nilihitaji kuondolewa kwao ndipo niwasikie.

Siku tano baada ya tamasha lile serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, misikiti imefungwa, tarawehe tunasali majumbani. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba redio ya jirani ni redio yako, na kikohozi chake ni habari yako, hasa mwaka ule. Tulipofungiwa tulizidi kusikilizana.

Turudi kwenye adabu ya Wazungu, maana hawakuzaliwa wamenyamaza. Julai 1778 Mozart alimwandikia babake kutoka Paris, akamsimulia jinsi alivyotia katika simfonia yake mpya kipande alichojua kitawagusa wasikilizaji, na jinsi walivyopiga makofi pale pale muziki ukiendelea. Naye alifurahi, kama ambavyo mwimbaji wetu yeyote angefurahi. Simfonia ile ya baba yenye ufa ilipopigwa kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, watu walidai sehemu ya pili irudiwe, ikarudiwa. Hiyo ni hadhira ya taarabu kabisa, imekosa leso na asumini tu. Kimya ni adabu iliyofundishwa baadaye, katika karne ya 19, na wapo waliotaka kuifikisha mbali zaidi: chama cha matamasha ya faragha ambacho mtunzi Arnold Schoenberg alikianzisha Vienna mwaka 1918 kilipiga marufuku makofi, na ni kwa ajili ya chama hicho hicho kwamba Stein aliipunguza simfonia ya Mahler. Mpangilio ulioandikwa kwa ukumbi usio na makofi ukaja kufaa, karibu karne nzima baadaye, kwa ukumbi usio na watu. Sidhani kwamba Schoenberg alikusudia hivyo.

Yuko aliyekusudia. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akajifungia studio na kushikilia kwamba tamasha ni desturi inayokwenda kufa, na kwamba rekodi iliyokatwa na kuunganishwa kwa uangalifu ndiyo itakayorithi nafasi yake. Nimempenda Gould tangu ujana wangu na nimemtetea. Kwa zaidi ya nusu karne hoja yake haikuweza kujaribiwa, kwa kuwa ni nani angezifunga kumbi zote za dunia kwa mkupuo ili aone kitakachotokea? Virusi vikazifunga. Kama Gould alikuwa na haki, mwaka 2020 ungekuwa mwaka wa starehe kwa wapenzi wa muziki huu: vyombo safi, kamera nzuri, hakuna mtu anayefungua pipi ya kifua nyuma yako. Badala yake wapigaji wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kutapatapa. Tarehe 22 Juni jumba la opera la Liceu, Barcelona, lilijaza viti vyake mimea ya vyunguni 2,292, na kundi la ala nne za nyuzi likaipigia mimea hiyo kazi ya Puccini, kisha ikapelekwa kwa wahudumu wa afya. Wengi waliona ni kichekesho, na kweli, wasikilizaji 2,292 na hakuna aliyekohoa, si jambo la kila siku. Mimi niliona ni maungamo. Watu wenye jukwaa lile na mitambo ile hawakuweza kustahimili kupiga bila kiumbe chochote kilicho hai mbele yao.

Sasa upande wetu, ambako nilikuwa nikijisifia hadhira hai.

Kafyu ya Machi iliangukia karibu siku zile zile Shaabani ilipoandama. Anayeijua pwani anajua maana yake: ni mwezi ambao watu hukimbilia kuozesha kabla ya Ramadhani, mialiko imekwisha kusambazwa, dera zimeshonwa, na kikundi kimelipwa nusu ya ahadi. Taarabu ya harusi huanza baada ya Isha na huenda hadi usiku mkubwa. Amri ya kuwa ndani saa moja jioni iliiondoa hata kabla ya katazo la mikusanyiko. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na wapigaji waliozoea kupanda matatu kwenda Malindi na kurudi wakawa wafungwa wa kisiwa.

Hapo ndipo gharama ninayoisema ilipojitokeza. Mpigaji wa okestra ya Ujerumani ana mshahara wa mwezi, na serikali yake ilitenga euro bilioni moja kuinusuru sekta ya utamaduni. Si kila mahali huko walikuwa salama. Wapigaji wa Metropolitan Opera walikaa bila mshahara kuanzia Aprili 2020, na wako waliouhama mji. Lakini mpigaji wa taarabu hana hata mshahara wa kukosa. Ana ahadi ndogo inayogawanywa na kikundi kizima, na juu yake ana tunzo, zile noti ambazo wanawake humletea mwimbaji mmoja mmoja, wakicheza. Hadhira niliyoisifu kwa uhai wake ndiyo pia mfuko wa mshahara. Ilipozuiwa kukusanyika, muziki na chakula viliondoka kwa mguu mmoja. Mwezi Aprili rais alitangaza shilingi milioni 100 kwa ajili ya wasanii, lakini mpiga dumbaki wa harusini hana mkataba, hana stakabadhi, hana orodha ya kazi alizozikosa, na ni vigumu hata kwa mwenye nia njema kujua mtu huyo amepoteza nini. Mpiga fidla mmoja ninayemfahamu alikaa kwenye cherehani ya mkewe akashona barakoa. Nilipomwuliza mikono yake inasemaje, alinijibu, "Dada, vidole ni vile vile, ila hapa hakuna anayenambia rudia."

Wala hofu ya sauti haikuwa hofu ya bure. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 wa kwaya moja walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. 53 kati yao waliugua, na wawili wakafa. Taarifa hiyo ilipotufikia, ilitosha kubadilisha jinsi tunavyomtazama mtu anayevuta pumzi ili aimbe. Nilijikuta nahesabu mita kati yangu na muadhini.

Mwezi Agosti, harusi zilipokuwa zimeruhusiwa kwa watu wasiozidi 100 na kafyu imesogezwa hadi saa tatu usiku, tulimwoza binti wa kaka yangu. Badala ya ukumbi tulitumia ua wa nyumba, na badala ya usiku tulitumia alasiri. Ni kitu cha ajabu, taarabu mchana. Vitambaa vya dhahabu vilivyonunuliwa kwa ajili ya taa vilikuwa vinameremeta kwenye jua hadi macho yanauma, wanja unatiririka, na langoni kijana wa familia amesimama na daftari na kipima joto, akiwakataza shangazi zake mwenyewe kwa sababu hesabu imetimia. Mwimbaji, bi mkubwa ambaye aliwahi kuimba kwenye harusi ya mama wa biharusi, barakoa yake ilikuwa imeshuka kidevuni. Mbele yake, kwenye mti wa maikrofoni, walikuwa wamefunga kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nzito nambari yake ya M-Pesa.

Watu waliogopa noti siku zile, na ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa tangu Machi ili fedha taslimu zisipite mikononi. Kwa hiyo lilionekana wazo la busara. Mjukuu wa mwimbaji aliketi pembeni na simu, na kila ujumbe ulipoingia alitangaza jina na kiasi. Nilimwona jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye ugomvi wake wa siku nyingi na mtu aliyekuwa ameketi safu ya tatu, akausikia ubeti uliosema kisa chake sawasawa. Akainamia simu yake, akatafuta miwani, akaandika nambari, akaikosea, akairudia, akabonyeza siri yake. Mwimbaji alikuwa amekwisha kuuacha ubeti ule na wa pili yake, yuko kwenye kibwagizo, ndipo mjukuu akainua kichwa: "Mia mbili." Akalitaja jina. Watu wakageuka kumtazama mtoaji, kisha wakatazamana. Mia mbili za nini? Ubeti wake ulikwisha kupita.

Asiyeijua desturi hii huiona kama bakshishi. Kutunza ni kusema. Mwanamke haendi mbele kwa wimbo mzima, huenda kwa mstari. Huinuka neno linapomgusa, hutembea polepole ili kila mtu aone ni neno gani lililomwinua, na njia anayoipita kati ya viti ni sehemu ya ujumbe. Mwimbaji anamwona, anajua ameshika, anaurudia mstari, mara nyingine anaugeuza kidogo ili uchome zaidi. Ujumbe wa simu ulizifikisha shilingi 200 salama, tena bila makato, ukaacha njiani kila kitu kingine. Mwisho wa alasiri mwimbaji alikuwa amepata fedha si haba. Nilikwenda kumpa mkono, nikakumbuka, nikauweka kifuani. "Mwanangu," aliniambia, "leo nimeimba kama redio."

Nimeifikiria sana kauli ile, kwa sababu kasoro ya harusi yetu na kasoro ya kwaya za kwenye skrini zilizokuwa zikisambaa mwaka ule ni kasoro moja. Watu wengi waliamini kwamba wale waimbaji hamsini, kila mmoja katika kijisanduku chake, walikuwa wakiimba pamoja. Haikuwezekana. Wapigaji wawili wanaweza kushikana mapigo iwapo sauti ya mmoja inamfikia mwenzake kwa kuchelewa kusikozidi takriban sehemu 30 kati ya elfu moja za sekunde, ambao ndio muda wa sauti kusafiri mita 10 hewani. Mazungumzo ya video huchelewa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kila mmoja aliimba peke yake chumbani, akisikiliza mapigo masikioni, na fundi mmoja akaja kuzishona sauti hizo baada ya siku kadhaa, kama barakoa za rafiki yangu. Kilichopatikana kilipendeza na kiliwaliza watu. Lakini hakuna aliyemjibu mwenziwe ndani yake, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Baba, kama angekuwapo, angeniletea kanda. Kanda nyingi za taarabu zilizozunguka Mombasa, katika siku ambazo maduka kama Mbwana Radio Service yalikuwa yakirekodi na kuuza muziki wa pwani, zilinaswa harusini hasa, na ndani yake utasikia vigelegele, glasi, mtoto anayelia, mtu anayemwita Fulani alete kiti. Nikiwa kijana niliziona ni kanda chafu, na nilitamani zingerekodiwa kama santuri zetu saba. Katika miezi ile ya kufungiwa nilizitoa kabatini, nikakuta kwamba vitu nilivyoviita uchafu ndivyo nilivyokuwa navitafuta. Katika moja, mahali ambapo mwimbaji anakatiza mstari, kigelegele kinaanzia mbali upande wa kushoto, kinapokewa, kinavuka hadi kulia, na ndipo yeye anaendelea, kwa nguvu nyingine. Hakuna fundi anayeweza kuitengeneza nguvu ile kabla ya kigelegele.

Wapo wanaosema kwamba korona ndiyo iliyoiua taarabu asilia Mombasa. Sikubaliani nao. Kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa tayari kilianza kuwapunguza wapigaji miongo kadhaa kabla ya hapo. Zein l'Abdin na Juma Bhalo walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kwenye harusi nyingi kazi yao ilikuwa imechukuliwa na kijana mmoja mwenye flashi na spika mbili. Mwaka 2020 uliwapa watu udhuru. Familia zilizokuwa zikiona haya kuita spika badala ya kikundi ziligundua kwamba kwa watu 100, uani, mchana, spika inatosha, na hakuna jirani atakayesema kitu. Udhuru ulipoondoka mazoea yalibaki, kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu wenye harusi wengi walitoka mwaka ule na deni. Silaumu. Nasema tu kwamba spika haina haja ya mtu kuinuka, na watu wasipohitajika kuinuka husahau walikuwa wakiinuka kwa neno gani. Hilo linanitisha kuliko kupotea kwa udi. Udi unaweza kununuliwa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mwezi uliofuata nilialikwa harusi ya watu wa mtaani kwetu, usiku, ukumbini, na mwenye harusi, Mungu ambariki, alikuwa ameita kikundi kizima: fidla, akodiani, taishokoto, dumbaki, na bi mkubwa yule yule. Rafiki yangu wa barakoa alikuwa kwenye fidla, amekonda. Walianza saa nne kasoro, na kwa saa nzima mambo yalikuwa mazito. Noti zilikuja chache, watu walikuwa bado wanakaa kama wamehesabiwa. Kisha ukaingia wimbo wa vijembe, na ubeti unaomsema jirani anayefunua sufuria za wenziwe, na jirani yetu yule wa mia mbili akainuka.

Mwimbaji alimwona. Alikuwa amebakisha neno moja kumaliza mstari, akalizuia, na fidla ikabaki juu ikimngoja. Yule bibi hakuwa na haraka. Alizunguka kwanza upande wa safu ya tatu, akasimama mbele ya kiti alichokikusudia muda wa kuipepea noti yake mara mbili, ndipo akageuka kuelekea jukwaani. Wanawake wapatao 300 ukumbini hawakupiga kigelegele, hawakunong'ona, hata bangili haikulia. Nilisikia viatu vyake tu, na upinde wa fidla ukikwaruza sauti ile ile moja. Nilikitambua kimya kile, maana nilikuwa nimekisikiliza usiku kucha Mei ya mwaka uliotangulia, spika zikiniuma masikio. Noti ikatua kwenye kilemba cha mwimbaji, na neno likateremka.